Mate ya Mama na Pasi ya Makaa

Ukiuliza watu wa rika langu hapa Nyeri mjini, watakuambia yule Mzaire alipigwa kwa sababu alimwangusha mama yangu. Watakuambia bila kupepesa macho. Wengine wataapa walikuwepo, na kama wote wanaosema walikuwepo walikuwepo kweli, baraza la duka langu lingebomoka kwa uzito.

Mimi sikukubali siku ile na sijakubali mpaka leo. Si kwamba nina huruma kupita wengine. Nina sababu yangu. Kama mtu alivunjwa mkono kwa ajili ya mama yangu, basi alivunjwa kwa jina la nyumba yetu, na mkubwa wa nyumba ni mimi. Mtu akitumia jina langu hata kuomba lifti kwa dereva wa lori, nitamtafuta nimuulize. Sembuse kumvunja mwenzake mkono.

Niseme kwanza mimi ni nani, usije ukafikiri unaandikiwa na mwalimu. Shule niliishia darasa la tatu. Kazi nilianza kwa kuokota misumari iliyopinda kwenye majengo ya watu. Naiweka juu ya jiwe, nainyoosha kwa nyundo, nauza. Vidole vyangu viwili havikunjiki vizuri kwa sababu ya nyundo ile. Kutoka misumari ya kuokota nikafika misumari mipya, halafu mabati, rangi na vioo, mpaka nikawa na duka langu mwenyewe, na baraza pana la saruji linalotazama barabara. Hakuna mtu aliyenishika mkono.

Ni pale barazani Mzaire alipokuja kuniomba nafasi ya cherehani. Ilikuwa miaka ya tisini, vita vya kwao vimeshapamba moto, na ilikuwa Julai, ule mwezi ambao hapa kwetu ukungu unakaa mjini mpaka saa sita na watu wanavaa makoti mawili. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani begani, amekifunga kwa shuka kama mtoto mgonjwa. Mke alikuwa nyuma yake, ana mimba kubwa.

"Papa," akaniambia, "nasikia weye ndio mukubwa wa hapa."

"Papa yuko Roma. Mimi niite mzee."

Hakucheka. Akasema, "Sawa, papa."

Nilimpa kona ya mwisho, chini ya mfereji wa maji ya mvua. Sikumpa kwa wema. Fundi wa nguo huleta wanawake, wanawake hukaa wakingoja nguo, na mwanamke anayengoja huanza kuangalia rangi za kupaka nyumba. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga. Akapanga chumba Ruring'u, akawa anakuja kila asubuhi kwa miguu, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, hata siku ya matope.

Baraza la jirani, lililoungana na langu, lilikuwa na fundi wetu wa zamani. Huyu alikuwa mtu wa hapa hapa, mkazi wa Skuta, na ndiye aliyenishonea koti la kwanza nililowahi kuvaa ambalo halikuwa la mtu mwingine kabla yangu. Nilimheshimu. Lakini Mzaire alijua kushona gauni la mabega yaliyosimama, na wasichana wa ofisini walianza kupita meza ya mzee yule bila kugeuza shingo. Nikawa namsikia akiwaambia wateja, sauti ya kutosha kunifikia ndani:

"Nendeni kwa huyo. Akishamaliza kukupima atajua pia maini yako iko wapi."

Wanacheka. Na mimi nilicheka, sitaficha. Watu walisema mengi juu ya Mzaire. Walisema wanakula nyani. Walisema weusi wake si wa kawaida, kwamba hata ukungu unamuogopa. Mama mmoja alikuja kununua misumari akaniuliza kama ni kweli nimepewa dawa, kwa sababu duka langu lilikuwa limejaa tangu mtu huyo aje. Nikamwambia duka langu lilikuwa limejaa tangu yeye akiwa msichana.

Halafu asubuhi moja Mzaire akakuta mkanda wa cherehani yake umekatwa. Haukukatika wenyewe, ulikatwa kwa wembe, kata moja safi. Cherehani ilikuwa imelala ndani ya duka langu, lakini meza yake na magurudumu ya chini vililala nje barazani. Nilimuuliza, "Unashuku nani?" Aliniangalia muda mrefu, akaangalia wapakiaji wangu, akaangalia baraza la jirani, akarudi kwangu.

"Sishuku mutu, papa."

Alivyosema, nilijua ananishuku hata mimi. Nilikasirika. Nikamnunulia mkanda mpya kwa hasira.

Sasa nije siku yenyewe. Ilikuwa siku ya soko. Mama yangu alikuwa mzee sana wakati huo, mgongo umepinda, lakini siku ya soko hakuna aliyeweza kumzuia kuja mjini. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa duka langu, akisalimiwa na dunia nzima. Mke wa Mzaire alikuwa ameshajifungua, na kila mchana alileta chakula cha mumewe na mtoto mgongoni. Mama alimpenda mtoto yule kwa macho. Hawakuwa na lugha moja. Mama alijua Kikuyu tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi.

Nieleze jambo moja, kwa sababu vijana wa siku hizi nao hawalijui. Kwetu mtu mzee akitaka kukubariki, anakutemea mate kifuani au kwenye kiganja. Si mate ya kutupa, ni kidogo, kama umande. Kisha anasema maneno. Siku niliyoondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi, mama alinifungua vifungo vya shati, akanitemea kifuani, akasema kila nitakachoshika kisinikimbie. Haya yote unayoyaona mimi nayahesabu kuanzia pale. Mate kwanza, maneno baadaye. Ndivyo inavyokwenda.

Mchana ule mke wa Mzaire alivuka barabara kwenda kuchota maji, mtoto akabaki mapajani mwa baba yake. Mama akainuka kwenye kigoda, akaenda. Akamfungua mtoto kishati. Akamtemea.

Mimi sikuona. Nilikuwa nyuma ya duka nakata kioo, na kioo ukishaanza kukikata huwezi kukiacha katikati. Nilisikia kelele, nikamaliza mstari, nikatoka.

Nilimkuta mama ameketi chini kwenye saruji, kitambaa cha kichwa kimetoka. Mzaire alikuwa chini ya watu. Sijui wangapi, miguu ilikuwa mingi. Makaa yalikuwa yametapakaa barazani, mengine bado mekundu. Mtoto alikuwa mikononi mwa mteja mmoja, analia. Nikapiga bati kwa nyundo, mlio ule hakuna anayeweza kuuvumilia, wakasimama. Mzaire alikuwa ameshika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na ule wa kulia ulikuwa umegeuka upande usio wake. Nyuma ya kiganja ngozi ilikuwa imeng'oka kama ya viazi vilivyochemshwa.

"Amempiga cucu," mtu akasema, yaani bibi kwa Kikuyu.

"Amemwangusha mama yako, mzee, tumeona na macho," akasema mwingine.

Fundi wa zamani alikuwa amesimama kando, anahema. Akaniambia, "Tumekusaidia. Wewe ulikuwa ndani."

Hakuna aliyeniambia mama yangu aliumia wapi. Hilo lilinikaa. Watu waliompigania mama yangu, na hakuna hata mmoja aliyemuinua.

Nilimuinua mwenyewe. Mzaire nikamlaza kwenye mkokoteni wa duka, mpakiaji wangu akamsukuma mpaka hospitali, mkewe akikimbia kando na ndoo bado mkononi.

Kabla sijafunga nilizunguka kona yake. Pasi yake ya makaa ilikuwa mezani, juu ya kigae chake, imefungwa, na kifuniko chake amekikaza kwa waya kwa sababu komeo lilikuwa limevunjika zamani. Nikaigusa. Ilikuwa moto. Nikafungua waya. Makaa yake yote yalikuwa ndani.

Nikasimama pale na waya mkononi. Kama makaa yake yalikuwa ndani ya pasi yake, yale ya sakafuni yalikuwa ya nani?

Asubuhi yake koplo wa polisi akaja dukani. Kijana mnene, si wa huku kwetu, mwenye adabu ya haraka haraka.

"Mzee, hii ni kesi rahisi. Huyu mtu karatasi zake zinasema anatakiwa awe kwenye kambi ya wakimbizi, si hapa. Mama akisema amesukumwa, nampeleka kortini akitoka hospitali, na korti ikimaliza naye anarudishwa alikotoka."

"Na mama akisema hakusukumwa?"

Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya ndege. "Hapo sasa itabidi niulize nani alimpiga. Na nikiuliza hivyo, mzee, nitaanza na nani? Na mji mzima?"

"Anza na mmoja."

"Nitaandika maelezo ya mama kesho," akasema. "Aje mwenyewe."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu mwenye mke na mtoto mchanga angekaa au angerudishwa kwenye bunduki za kwao, na iliyotakiwa ni sentensi moja kutoka kinywani mwa mama yangu. Mji wote ulijua ni sentensi gani. Watu walipita nyumbani wakimpa mama pole kama aliyefiwa, na kila pole ilikuwa na mkia: "Huyo mtu asirudi hapa, mama."

Na mimi nikuambie ukweli, sikuwa nimeamua. Kama mgeni amemsukuma mama yangu, aende. Hata leo ningesema hivyo. Lakini nilitaka kujua.

Mchana huo mke wangu alikuwa anafua nguo za mama. Akaniita uani, ameinua ile sketi nzito ya mama kwenye mwanga. Nyuma, pale mtu anapokalia, ilikuwa na matundu ya kuungua, madogo, kingo nyeusi. Mbele hakuna hata moja.

"Alikalia moto," mke wangu akasema. "Na hakusema."

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anaota jua ukutani.

"Mama, umeungua?"

"Kidogo. Mahali pasipo na haja ya kuonyesha watu."

"Yule fundi Mzaire alikusukuma?"

"Alinipiga hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono. "Ana mkono mwepesi."

"Ukaanguka?"

"Wewe mtoto, unanionaje? Niangushwe na kofi la mkono? Nilianguka watu walipokuja."

"Ulikalia makaa. Kwa hiyo makaa yalikuwa chini kabla hujaanguka?"

"Yangekuwaje juu?"

"Nani alikuja kwanza, mama? Nani alikuja na pasi?"

Akafikiri. Mama hakuwa mtu wa kubuni. "Nilikuwa nimeinama kwa mtoto," akasema. "Mgongo wangu huu, unajua. Niliona miguu. Viatu vya watu."

"Viatu vya namna gani?"

"Vya mtu mwenye haraka."

Zaidi ya hapo sikupata. Lakini ilinitosha kujua mpangilio. Kofi la mkono kwanza. Halafu pasi, mkono wa mtu ukavunjwa na makaa yakamwagika. Halafu ndipo mama akasukumwa na umati akakaa juu ya moto. Hakuna aliyempiga Mzaire kwa sababu mama ameanguka. Mama alianguka kwa sababu Mzaire alikuwa anapigwa.

Nikaenda kwa fundi wa zamani. Alikuwa anashona kaptura ya shule. Pasi yake ilikuwa kwenye kigae, ile nzuri yenye komeo la umbo la jogoo. Nilikaa kwenye benchi yake kama mteja.

"Jana pasi yako ilimwagika," nikamwambia.

Hakuinua kichwa. "Yangu?"

"Yake ilikuwa imejaa. Niliifungua."

Akaendelea kukanyaga mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno. "Nilikuwa naenda kumuomba makaa. Unajua sisi mafundi tunaombana moto."

Hiyo ni kweli, mafundi wanaombana makaa, hasa asubuhi ya ukungu makaa yanapokataa kushika. Lakini ilikuwa mchana.

"Mtu anayeenda kuomba makaa anabeba pasi tupu," nikasema. "Yako ilikuwa imejaa."

"Ilikuwa inazima."

"Iliunguza saruji yangu. Alama ziko."

Sasa akaniangalia. "Mzee, wewe unauliza kama polisi au kama mtu tuliyekula naye?"

"Kama mtoto wa mama yangu."

"Basi mama yako alipigwa mkono na mtu asiyejulikana alikotoka. Mimi nikaona. Nikaruka. Pasi ilikuwa mkononi, sikuitafuta. Ungekuwa wewe ungeiweka chini kwanza?"

Sijui. Kutoka meza yake mpaka kona ya Mzaire ni mwendo wa kutembea urefu wa duka zima, na mtu anayepiga pasi akiona jambo huacha pasi akakimbia, au hukimbia nayo? Nimelijaribu hilo kichwani kwa miaka. Jibu linabadilika.

Akaendelea mwenyewe, sauti imeshuka. "Ndugu yangu alifukuzwa kule Bonde la Ufa, nyumba ikachomwa, ati ni mgeni. Amezaliwa huko, ati mgeni. Sasa analala kwangu na watoto wake. Na mimi hapa nilipo kwetu, anakuja mtu kutoka Zaire ananisogeza. Na wewe ndiye umempa kiti."

"Kwa hiyo haikuwa mama."

"Nimesema niliona mama anapigwa."

"Mkanda wa cherehani yake, ulikatwa na nani?"

"Ati mkanda?" akasema, akavuta kaptura nyingine. "Hata kule Kenol, mji alikokuwa kabla, walimfukuza. Ulimuuliza kwa nini?"

Nikaenda hospitali. Kulikuwa na askari amekaa kwenye kiti karibu na kitanda, anakula ndizi. Mkono wa Mzaire ulikuwa kwenye plasta na bandeji mpaka kiwiko. Mke wake aliponiona alimfunika mtoto uso kwa shuka. Hilo nililiona.

"Nieleze," nikamwambia.

"Nieleze nini, papa? Mama yako alimutemea mutoto wangu mate."

"Ilikuwa baraka."

"Wanasema hivyo." Akageuza macho dirishani. "Kwetu, mutu akikutemea mate, kisu iko nyuma. Niliona hivyo na macho. Batu tuliokula nao, walianza na mate. Sasa mama yako anatema, na mara hiyo hiyo batu banatokea na moto. Weye ungefikiri nini?"

Nikaelewa basi kwamba kwa hesabu yake mate yale yalikuwa ishara. Mama yangu alitema, na watu wakaja. Na mama ni wangu, na baraza ni langu, na mimi nilikuwa ndani sikutoka.

"Unafikiri ni mimi niliwatuma?"

"Sishuku mutu," akasema. Lile jibu lake la mkanda.

"Ulimsukuma?"

"Nilipiga mukono. Kumusukuma, hapana. Mutu muzee hasukumwi. Hata kwetu."

"Kenol ulifukuzwa kwa nini?"

Hapo akacheka, kicheko kibaya, ubavu ukamuuma. "Nani alisema nilifukuzwa? Nilihama. Kule hakukuwa na baraza."

Sikumwamini, wala sikumkatalia. Baadaye nilipokwenda kufuata mabati nilisimama Kenol nikauliza, nikapata duka alilokuwa akishonea. Mwenye duka akasema, "Alikaa, akashona, akaondoka. Kwani wewe ni nani?" Akaniangalia toka kichwani mpaka viatu, na alipoona siondoki akaanza kufunga droo zake. Mpaka leo sijui kama alikuwa anamficha Mzaire au ananiogopa mimi.

Kesho yake nikampeleka mama kituoni. Njia nzima sikumwambia la kusema. Watu watakuambia nilimfundisha. Aliyemfahamu mama yangu anajua hakuna mtu angemfundisha hata njia ya kwenda kisimani.

Koplo akauliza, mimi nikatafsiri, na nilitafsiri neno kwa neno.

"Mwambie alinipiga mkono," mama akasema. "Mwambie na mimi nilikosa, nilimshika mtoto wa mtu bila kuongea na baba yake. Mwambie sikuangushwa naye. Niliangushwa na hawa wetu."

"Wetu gani?" koplo akauliza.

"Sikuona nyuso."

"Basi mama hajaona kitu."

"Nimeona makaa," mama akasema. "Mwambie kama anataka kuyaona, mke wako amehifadhi sketi."

Koplo hakutaka kuona sketi. Akamwekesha mama alama ya kidole gumba, akafunga faili. Mzaire hakushtakiwa, na askari wa ndizi akaondolewa kitandani. Lakini na wa upande wa pili pia hawakushtakiwa. Niliwaleta watu wanne niliojua kwa hakika walikuwa barazani, na wote wanne, waliokuwa wameona kwa macho mama akiangushwa, hawakuwa wameona pasi.

Mji haukupenda. Walisema nimemuuza mama yangu kwa mgeni. Kuna watu walioanza kununua misumari upande wa pili wa barabara, na misumari ya pale ilikuwa mibaya, inapinda. Fundi wa zamani tulisalimiana kama kawaida. Hilo ndilo gumu la mji mdogo, unasalimia. Akaninyooshea mkono na mimi nikaushika, na kila mara niliangalia mkono ule.

Mzaire alirudi plasta ilipotolewa. Mimi nilidhani hatarudi. Mkono ulikuwa umepona vibaya, vidole havikunjiki, kovu linang'aa kama karatasi. Sasa mkewe ndiye aliyeketi kwenye cherehani, na yeye akasimama nyuma akimwelekeza kwa lugha yao, taratibu, wakigombana kidogo, nguo zikitoka. Mtoto walimfunga mgongoni mwa mama yake muda wote. Hawakumweka chini tena, wala mapajani, hata baridi iwe vipi. Na wote wawili walikuwa wamegeuza meza ili migongo yao iwe ukutani.

Lakini aliyekuwa na shida kubwa zaidi ni mama yangu. Alipungua. Alikuja siku za soko, akakaa kwenye kigoda, akamwangalia mtoto kwa mbali, akarudi nyumbani bila kula. Nikamuuliza ana nini.

"Nilitema, sikusema," akanijibu. "Walinikatiza. Maneno yalibaki kwangu."

"Si kitu, mama."

"Ni kitu. Mate bila maneno ni mate tu. Nimemtemea mtoto wa watu mate. Basi baba yake amesema kweli."

Nilimwendea Mzaire nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, mkono mbaya umelala mezani. "Hapana, papa," akasema. Nikamwendea tena soko lililofuata. "Hapana." Mkewe hakuwa anainua hata kichwa. Mara ya tatu nilikasirika nikamwambia mama yangu ndiye aliyemwokoa asirudishwe, na kama si yeye angekuwa wapi sasa.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nasema hapana na heshima."

Sikurudi tena kumuuliza. Mvua ndefu zikaja, zikapita. Halafu jioni moja ya siku ya soko, wamefunga kazi, mke amekwisha tangulia na mtoto, Mzaire akaja mwenyewe mlangoni penye kigoda cha mama. Hakuniangalia mimi. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mama. Kisha akamnyooshea mkono, ule mbaya, kiganja juu, vidole vimekauka nusu wazi.

"Koko," akamwambia, neno lao la bibi. "Mutoto, hapana. Chukua hii."

Nikamtafsiria mama. Akaushika mkono kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akaliangalia kovu, akaugeuza tena. Nilimwona Mzaire shingo imekaza na macho yanakwenda barabarani, kushoto na kulia, kwenye baraza la jirani, ambako fundi wa zamani alikuwa anafunga mashine yake na hakuwa anatuangalia, lakini hakuwa anafunga pia.

Mama akatema, kidogo. Kisha akasema maneno yote, polepole, ya mtoto na ya mkono pamoja. Sikuyatafsiri, na Mzaire hakuniomba.

"Inatosha," mama akasema. Usiku huo alikula.

Mzaire aliinuka akashuka ngazi kuelekea njia ya Ruring'u. Mimi nilitoka mpaka ukingo wa baraza. Nilitaka kuona kama ataufuta mkono ule kwenye suruali. Ni jambo dogo, lakini nilitaka kuliona. Alikwenda ameuachia wazi mbele yake kidogo, na vidole vile hata angetaka visingefumba. Kabla ya kona akageuka nyuma kuona kama bado namwangalia. Nilikuwa namwangalia. Akakata kona.